Yatima na Wasimamizi Wake katika "Oliver Twist"

Vitabu vinavyoilalamikia serikali ni vingi, lakini vinavyoonyesha jinsi kosa la serikali linavyofika mpaka ndani ya bakuli la mtoto ni vichache. Oliver Twist, hadithi ya Charles Dickens wa Uingereza, ni kimoja katika hivyo vichache. Wanafunzi wengi hukijua kwa tukio moja tu, la mvulana mwenye njaa anayesimama na bakuli tupu mkononi kuomba aongezwe uji. Tukio hilo ni zuri, na umaarufu wake ni wa haki. Lakini msomaji akikomea hapo ameonja mchuzi akaiacha nyama. Kitabu hiki chauliza jambo kubwa kuliko uji. Chauliza hivi: mtoto asiye na baba wala mama anapokabidhiwa mikononi mwa serikali, ni nani amwangaliaye yule aliyewekwa kumwangalia? Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba Dickens alilijibu nusu ya swali hili kwa ufundi mkubwa, na kwamba nusu ya pili ilimshinda. Yatupasa kuyaona yote mawili, maana mwandishi mkubwa hufundisha hata pale anapokwama.

Twanze na mtungaji mwenyewe. Dickens alizaliwa mwaka 1812. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea mjini London kwa sababu ya deni. Mtoto akapelekwa kufanya kazi katika ghala la rangi ya viatu, akabandika karatasi juu ya vyungu vya rangi kutwa nzima kwa malipo ya shilingi sita kwa juma. Baadaye alirudishwa shuleni, lakini fedheha ya siku zile hakuisahau maishani mwake. Alipoanza kuichapisha hadithi ya Oliver katika gazeti la kila mwezi, Februari 1837, alikuwa na umri wa miaka 25. Sura za mwisho zilitoka Aprili 1839.

Miaka mitatu kabla ya hadithi kuanza kutoka, yaani mwaka 1834, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria mpya ya maskini. Kabla ya hapo kila parokia, ambayo siku hizo ilikuwa eneo la utawala na si la kanisa tu, iliwasaidia maskini wake kwa njia zake yenyewe. Sheria mpya iliziunganisha parokia ili kila muungano uwe na nyumba ya maskini, na mwenye shida alitakiwa kuingia humo ili apate chakula. Ndani ya nyumba hiyo mume alitengwa na mke, na watoto wakatengwa na wazazi wao. Tena iliagizwa kwamba maisha ya ndani yawe duni kuliko ya kibarua maskini kabisa aliye nje, ili watu wauogope msaada wakatafute kazi. Waliotunga sheria walikuwa wakimfikiria mtu mzima mvivu. Lakini mtoto wa miezi kumi ana uvivu gani? Fimbo iliyochongwa kwa ajili ya wavivu iliwaangukia wasio na hatia, na hapo ndipo Dickens aliposhika kalamu.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Oliver anazaliwa katika nyumba ya maskini. Mama yake, aliyeokotwa njiani na asiyejulikana jina, anambusu mara moja kisha anakufa. Mtoto analelewa kwa fedha za parokia mpaka umri wa miaka tisa, anarudishwa katika nyumba ya maskini, anaomba uji zaidi, anafungiwa peke yake, kisha anatolewa kwa mtengeneza majeneza awe mwanagenzi wake. Akiisha kuteswa huko anatoroka kwenda London, anaangukia mikononi mwa Fagin, mzee afundishaye watoto kuchopoa mifukoni, na baada ya misukosuko mingi anaokolewa na mzee mwema, Bwana Brownlow. Mwishoni inatambulikana kwamba Oliver ana nasaba njema na urithi wa paundi elfu tatu.

Sehemu iliyo bora katika kitabu ni sura za mwanzo, na ndani ya hizo ubora wote umo katika mambo madogo madogo ya usimamizi. Kwanza yatazame malezi ya Bibi Mann. Mama huyu amekabidhiwa watoto ishirini au thelathini katika nyumba iliyo maili tatu kutoka parokia, naye hulipwa peni saba na nusu kwa juma kwa kila mtoto. Fedha hiyo yatosha kumlisha mtoto mdogo. Bibi Mann huchukua sehemu iliyo kubwa kwa matumizi yake, na watoto hupata masalio. Wengi wao hufa kwa njaa na baridi, au kwa kutumbukia motoni pasipo mtu wa kuwatazama. Likitokea baraza la kuchunguza kifo, daktari wa parokia huapa kwamba aliupasua mwili asikute kitu ndani, jambo ambalo kwa mtoto mwenye njaa lasadikika sana. Na mnyapara wa parokia, Bwana Bumble, huapa lo lote parokia inalotaka kusikia.

Mtu aweza kusema, "Hiyo ni habari ya mwanamke mmoja mwovu." La. Dickens aendelea mbele hatua moja, na hatua hiyo ndiyo inayomfanya kuwa mchunguzi wa serikali na si msimulizi wa masikitiko tu. Aeleza kwamba wazee wa halmashauri walikuwa wakienda kuikagua nyumba ya Bibi Mann kwa nyakati zao, na kwamba kila mara walimtuma mnyapara siku moja mbele kutoa habari kuwa wanakuja. Walipofika waliwakuta watoto safi, wakarudi wameridhika. Methali yetu yasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba ile watoto walipona uchafu kwa siku moja, na njaa ikabaki pale pale. Tazama, basi, jinsi sentensi chache zilivyobeba shitaka zima. Serikali haikukosa sheria, wala fedha, wala wakaguzi, wala daktari. Kila kitu kilikuwako. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kufika siku ambayo hakutazamiwa na kuinua kifuniko cha chungu.

Pili, angalia namna mtoto anavyopata jina. Bwana Bumble ajivunia kwamba huwapa majina watoto wasio na wazazi kwa kufuata mpango wa alfabeti: aliyetangulia alipewa jina la herufi S, huyu akapewa la T, na atakayefuata atapewa la U. Majina yamekwisha tungwa mpaka mwisho wa alfabeti, watoto wenyewe hawajazaliwa bado. Kwetu sisi, mtoto huitwa jina la babu, au la mvua iliyonyesha usiku ule, au la siku ya ibada. Jina humfunga mtoto na watu. Jina la Oliver limemfunga na kabati la mafaili. Dickens hakuandika hotuba ndefu juu ya jambo hili. Aliliweka katika kinywa cha mnyapara kama jambo la fahari, akatuachia sisi kuona aibu kwa niaba yake.

Hiyo ndiyo kejeli, silaha kubwa ya mtungaji huyu, na yafaa mwanafunzi aitambue asije akapotea. Dickens hawatukani wabaya wake. Huwavika maneno ya sifa, kisha huyaacha matendo yao yawavue. Humsifu Bibi Mann kwa akili na maarifa ya malezi, halafu polepole twang'amua kwamba maarifa hayo yameneemesha tumbo lake mwenyewe. Husema kwamba wazee wa halmashauri ni watu wa busara kubwa, wenye falsafa, kisha atuonyesha falsafa hiyo ikimiminwa kwa kijiko: uji mwembamba mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa juma, na nusu ya mkate mdogo siku ya Jumapili. Msomaji anayesoma upesi upesi aweza kudhani kwamba anasifu kweli. Kejeli yataka msomaji asiyeharakisha.

Lakini tukio ambalo mimi naliona kuwa kilele cha sehemu hii ni lile la hakimu na kidau cha wino, na ni ajabu kwamba wasomaji wengi hulipita bila kusimama. Baada ya kuomba uji, Oliver amebandikwa langoni kama bidhaa: parokia itampa paundi tano mtu ye yote atakayemchukua. Anatokea Gamfield, msafishaji wa dohani, mtu katili ambaye watoto kadhaa wamekwisha kufia katika kazi yake. Siku hizo watoto wadogo walipandishwa ndani ya dohani za moshi ili wazikwangue masizi. Parokia na Gamfield wanapatana bei. Imebaki sahihi ya hakimu tu. Hakimu ni mzee asiyeona vizuri. Anataka kuchovya kalamu, na laiti kidau kingekuwa mahali alipodhani kipo, angalitia sahihi na habari ya Oliver ingaliishia katika dohani. Lakini kidau kipo chini ya pua yake naye hakioni. Akitazama huku na huku kukitafuta, macho yake yanaangukia uso wa mtoto, umesawijika kwa hofu. Anasimama. Anauliza kuna nini. Mtoto anapiga magoti na kuomba afungiwe, apigwe, auawe, mradi asipewe mtu yule. Hakimu anayasukuma makaratasi kando na kukataa.

Fikiri jinsi uzi huu ulivyo mwembamba. Maisha ya mtoto yalining'inia juu ya mahali kilipowekwa kidau cha wino. Halmashauri ilimtazama Oliver mara nyingi ikaona gharama. Mnyapara alimtazama akaona herufi T. Hakimu hakukusudia hata kumtazama. Alipomwona kwa bahati, aliona mtoto. Kwa maoni yangu, hapana hotuba ya Bunge iliyolieleza jambo la usimamizi wa yatima kwa uwazi kama ukurasa huu. Usimamizi ni macho yanayofika mpaka usoni mwa mtoto kabla ya kalamu kufika katika karatasi.

Je, Dickens alitia chumvi? Yatupasa kuwa waadilifu. Ratiba za chakula zilizochapishwa na Makamishna wa Sheria ya Maskini ziliruhusu chakula zaidi ya kile alichopewa Oliver. Zilitaja mkate, jibini na hata nyama. Tena nyumba za kulelea watoto kama ya Bibi Mann zilikuwako kabla ya sheria ya 1834, na mtungaji ameyachanganya ya zamani na ya sasa yake. Mwanahistoria ana haki ya kumsahihisha. Lakini ratiba ukutani si chakula katika bakuli. Mwaka 1845 iligunduliwa kwamba katika nyumba ya maskini ya Andover watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa iwe mbolea walikuwa wakiguguna mifupa hiyo kwa njaa, ijapokuwa ratiba ya chakula ilikuwapo. Kashfa hiyo ilipelekwa Bungeni, na mwaka 1847 Makamishna waliondolewa, kikawekwa chombo kingine mahali pao. Mwishoni mwa mwaka 1848 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika nyumba ya mtu binafsi huko Tooting, karibu na London, ambako parokia zilikuwa zimewapanga watoto maskini zaidi ya elfu moja kwa malipo ya kichwa kwa kichwa. Watoto zaidi ya 150 walikufa. Mwenye nyumba alishitakiwa, akaachiliwa. Dickens aliandika kwa hasira gazetini juu ya jambo hilo. Miaka kumi hivi ilikuwa imepita tangu kumwumba Bibi Mann, na sasa alimwona akitembea, amevaa suruali, na nyumba yake imejaa vitanda vya wagonjwa. Basi chumvi ilikuwamo, lakini nyama ilikuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye upungufu, kwani mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe.

Upungufu wa kwanza ni Oliver mwenyewe. Methali yetu husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Oliver amelelewa kwa njaa na kofi, hakufundishwa adabu wala sala na mtu ye yote, lakini asema lugha safi kama mtoto wa kasisi, hasemi uongo, na akionyeshwa wizi hutetemeka. Uzuri huu wapendeza, lakini wamdhuru mtungaji katika shabaha yake. Ikiwa malezi mabaya hayamdhuru mtoto, kwa nini tuyalaumu? Aliyekua jinsi alivyolelewa ni yule kijana aitwaye Dodger, mwenye koti la mtu mzima lililokunjwa mikono, mchekeshaji, hodari wa kuchopoa, ambaye mwisho wake ni kupelekwa uhamishoni ng'ambo ya bahari. Yeye ndiye mazao halisi ya shamba lile. Mtungaji amempa Dodger uhai wote na Oliver sifa zote.

Upungufu wa pili ni Fagin. Kwa upande mmoja mtu huyu ameumbwa kwa akili ya ajabu. Oliver anapoingia kwake anakuta moto, soseji katika kikaango, na kicheko. Mwizi anamlisha mtoto ambaye parokia ilimnyima chakula, na kwa hayo twaelewa kwa nini watoto wasio na wazazi humfuata mtu mbaya: humfuata kwa sababu ameuliza kama wamekula. Ni funzo kali, na bado ni kweli katika kila mji mkubwa. Lakini kwa upande wa pili Dickens alimwita mtu huyu "Myahudi" mamia ya mara, kana kwamba uovu ni wa kabila lake. Mwaka 1863 mwanamke mmoja Myahudi alimwandikia kumlalamikia, na katika chapa ya 1867 mtungaji alilifuta neno hilo mahali pengi. Alifanya vema kulifuta, lakini lawama haikufutika yote. Wanaotaka kutetea watoto wanyonge wasiwafanyie unyonge watu wengine.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa, nao wahusu dawa. Baada ya kuionyesha parokia kwa ukali kiasi kile, mtungaji anamwokoa Oliver kwa njia gani? Kwa bahati. Bwana Brownlow, ambaye watoto wa Fagin walichopoa kitambaa chake, aonekana kuwa rafiki wa zamani wa baba yake Oliver. Binti wa nyumba ambayo Oliver alitumwa kuivunja aonekana kuwa mdogo wake mama yake. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, yatima huyu anagonga milango miwili, na yote miwili ni ya jamaa. Kisha waja urithi. Bwana Bumble na mkewe wanaanguka, wanaishia kuwa maskini katika nyumba ile ile waliyoitawala, nasi twafurahi. Lakini nyumba yenyewe imebaki. Halmashauri imebaki. Mnyapara mwingine atavaa kofia ile.

Msomaji ataniuliza: mtungaji wa hadithi angefanya nini zaidi, yeye si waziri? Ni kweli. Walakini ndani ya kitabu mna mtoto mmoja ambaye peke yake aonyesha kwamba Dickens mwenyewe alilihisi pengo hili. Jina lake ni Dick.

Dick aonekana katika kurasa chache tu. Ni mtoto wa nyumba ya Bibi Mann, mdogo kuliko Oliver, rafiki yake wa kushinda njaa pamoja. Oliver akitoroka alfajiri apita pale na kumkuta bustanini aking'oa magugu kabla wengine hawajaamka. Dick amemsikia daktari akisema kwamba atakufa. Anapanda juu ya lango, anamkumbatia mwenzake na kumwombea baraka, nayo ni baraka ya kwanza ambayo Oliver ameisikia maishani. Mara ya pili twamwona Dick mbele ya Bwana Bumble. Ana ombi: atafutwe mtu ajuaye kuandika, amwandikie maneno machache ya mapenzi kwa Oliver, yatunzwe akiisha kuzikwa. Wakubwa wanashtuka kana kwamba ameiba, na Bibi Mann anapelekea afungiwe katika ghala la makaa. Mara ya tatu hatumwoni tena. Oliver, sasa tajiri, anarudi kwa gari, moyo ukimdunda, amchukue rafiki yake wakaishi pamoja. Dick amekwisha kufa.

Hapa hadithi yajihukumu yenyewe. Oliver na Dick walikuwa sawa katika njaa, sawa katika upweke, sawa mbele ya sheria. Mmoja alikuwa na jamaa waliofichika na urithi. Wa pili hakuwa na kitu. Wema wa mtu binafsi ulimfikia wa kwanza ukamchelewea wa pili, na utamchelewea daima, kwa kuwa Bwana Brownlow ni mmoja na akina Dick ni wengi. Mtungaji aliyetupa mwisho wa furaha alitupa pia kaburi hili dogo kando yake, na mimi nadhani kaburi hilo lina ukweli zaidi ya ile furaha. Mtoto asiye na urithi hana tegemeo ila usimamizi wa watu wote, yaani serikali. Nao usipokuwa na macho, yeye hafiki.

Waingereza walikawia kulijifunza neno hili. Nyumba za maskini zilifutwa rasmi mwaka 1930. Hata hivyo, Januari 1945, mvulana wa miaka 12 aliyekabidhiwa na halmashauri ya mji kwa walezi shambani alikufa kwa njaa na mapigo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ofisi mbili zilizopaswa kumtembelea hazikumfuata ipasavyo, kila moja ikiitegemea nyingine. Kamati iliteuliwa, ikatoa taarifa yake mwaka 1946, na mwaka 1948 ikapitishwa sheria ya watoto iliyoagiza kila halmashauri iwe na ofisa wake wa watoto. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu siku Oliver alipoinua bakuli.

Nasi katika Kenya kitabu hiki chatuhusu nini? Kwetu mtoto aliyefiwa alikuwa mtoto wa ami, wa shangazi, wa nyanya, na methali ya mkono mmoja haulei mwana haikuwa maneno matupu. Lakini vifo vingi, miji mikubwa na umaskini vimeuchosha mkono wa ukoo, na serikali imetakiwa kuunga. Sheria hatukukosa. Iliyoitwa ya Watoto na Vijana ilitungwa mwaka 1963, mwaka wa Uhuru wetu. Ikafuatwa na Sheria ya Watoto ya 2001, kisha ile ya 2022. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya chakula, makao, matibabu na malezi, na yaagiza kwamba manufaa ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kuzipa fedha jamaa zinazolea yatima, na mwaka 2022 ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao makubwa na kuwarudisha katika malezi ya jamaa.

Mambo hayo ni mema, na mwenye kuyabeza hana shukrani. Lakini aliyemsoma Dickens atauliza maswali ambayo asiyemsoma hawezi kuyauliza. Fedha inayotolewa kwa ajili ya mtoto ni dada wa zile peni saba na nusu: yaweza kufika katika sufuria, yaweza kuishia kwa Bibi Mann. Mkaguzi anayepiga simu siku moja kabla ya kufika katika makao ya watoto amekwisha kukagua kabla ya kufika. Ofisa mmoja aliyepewa watoto wengi kuliko awezao kuwaona anageuzwa kuwa karani wa herufi, hata akiwa na moyo mwema. Na kumtoa mtoto katika jumba kubwa kumpeleka kwa jamaa hakumalizi kazi: yule mvulana wa 1945 alikufa mikononi mwa walezi, nyumbani, mbali na jumba lo lote.

Sisi walimu nasi tusijitoe. Kila asubuhi twaita majina kwa mpango wa alfabeti, kama Bwana Bumble, na rejista ikijaa twaona kazi imekwisha. Lakini mwalimu ndiye mtu wa serikali amwonaye mtoto mara nyingi kuliko wote, siku tano kwa juma, bila kutoa habari mbele. Yeye ndiye yule hakimu, akikubali kuinua macho. Mtoto aliyekuwa hodari akaanza kusinzia, mwenye kuvaa sweta kwenye jua kali ili afunike mikono, asiyetaka kengele ya kwenda nyumbani ilie: hao hawaandiki katika rejista hali yao. Na wewe mwanafunzi unayeketi karibu naye waweza kuona kabla ya mwalimu. Dick aliomba mtu wa kumwandikia maneno yake akafungiwa. Katika Kenya ipo simu ya bure ya watoto, nambari 116, na sheria yasema maoni ya mtoto yasikilizwe. Tofauti hiyo ni kubwa, mradi awepo mtu wa kusikiliza.

Kwa hukumu ya mwisho, Oliver Twist ni kitabu cha kijana mwenye hasira, chenye msuko uliotegemea bahati mno, shujaa aliye mwema kupita kiasi, na waa la ubaguzi ambalo mwenyewe alijaribu kulisugua. Juu ya hayo yote, kimeliona jambo ambalo vitabu vingi vya sheria hupita bila kuliona. Anayekwenda kukisoma, au kukisoma tena, namsihi asikimbilie London pamoja na Oliver. Asimame kwanza kidogo bustanini kwa Bibi Mann, alfajiri ile, karibu na mtoto anayeng'oa magugu.